Sabufa ni nzima, sebule ndiyo inavuma

Mzee mmoja wa Ujiji aliniletea sabufa yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza aliiteremsha kwenye bajaji, akaiweka juu ya meza yangu ya ufundi hapa Mwanga, Kigoma, akasema, "Mwanangu, hii spika imeungua. Inavuma." Nikaifungua, nikakagua koni, ile karatasi ya spika inayosukuma hewa, nikapima koili yake ya waya, nikakaza skurubu mbili zilizolegea, nikaiwasha palepale barazani. Ikapiga safi. Tulisikiliza rumba moja tangu mwanzo hadi mwisho, gitaa la besi likitembea noti kwa noti, kila noti imesimama peke yake. Mzee akalipa, akashukuru, akaondoka. Siku ya nne akarudi. "Mwanangu, ikiwa kwako inajifanya nzima. Nikifika nayo nyumbani inaumwa tena."

Mara ya tatu sikuigusa hata skurubu. Nilifunga kibanda, tukapanda bajaji wote wawili na sabufa yetu, tukaenda kwake. Njiani ndipo aliponieleza jambo ambalo ningepaswa kumuuliza tangu siku ya kwanza. Sabufa hiyo alikuwa nayo miaka minne katika nyumba yake ya zamani, ya udongo na bati bila dari, na haikuwahi kumsumbua. Ugonjwa ulianza alipohamia nyumba mpya waliyomjengea wanawe: ukuta wa bloku uliopigwa plasta, marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, madirisha ya alminiamu yanayofunga kabisa. Nyumba ya kupendeza kwa kweli. Na sebule yake ndiyo iliyokuwa inavuma.

Wateja wa namna hii nawapata kila mara, na wengi hawarudi mara tatu kama yule mzee. Wanaiuza sabufa kwa hasara, wananunua kubwa zaidi, nayo inavuma zaidi. Inaniuma kuona fedha ya mtu inapotea kwa kutibu kifaa kisichoumwa. Kwa hiyo nitaeleza kinachotokea humo ndani, kisha nieleze tulichofanya kwa mzee, maana kilichomsaidia yeye kinaweza kusaidia sebule nyingi za mji huu.

Mtu aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka ziwani anaijua fizikia hii kwa shingo yake. Maji ndani ya ndoo yana mwendo wao. Kwa hatua nyingi unazopiga, yanatulia. Lakini kuna hatua fulani, si ya haraka wala si ya polepole, ukiifikia tu maji yanaanza kupanda upande huu na upande ule, kila hatua inayaongezea kidogo, mpaka yanamwagika begani. Hukuongeza nguvu yoyote. Hatua zako zimekutana na mwendo wa ndoo, basi. Ziwa Tanganyika lenyewe hufanya hivyo kwa kipimo chake: pepo za kusini za miezi ya kiangazi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na zikishatulia, tabaka la maji ya baridi yaliyo chini huanza kuyumba kaskazini na kusini, kuyumba kumoja kwenda na kurudi kukichukua karibu mwezi mzima. Kila chombo kina mwendo wake, na chombo kikubwa huyumba taratibu kuliko kidogo.

Sebule ni ndoo ya hewa. Spika inaposukuma na kuvuta hewa, wimbi linasafiri kiasi cha mita 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, linagonga ukuta, linarudi. Sauti nyembamba kama ya mluzi, tuseme ya mitikisiko 3,000 kwa sekunde, yaani hezi 3,000, ina wimbi lenye urefu wa sentimita 11 na kitu. Wimbi hilo ni kama kiganja tu, linatawanyika kila linapogonga kiti, pazia au mtu. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7. Wimbi hilo haliingii hata katika chumba chenyewe. Linajikunja humo, linakwenda na kurudi, na pale nusu ya urefu wake inapolingana sawasawa na umbali wa ukuta hadi ukuta, linajipanda lenyewe. La kwenda na la kurudi yanakutana mahali palepale kila mara. Hapo ndipo maji yanapomwagika begani.

Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba naifanya kwa kichwa nikiwa mlangoni kwa mteja. Chukua 568, gawanya kwa urefu wa chumba kwa futi. Chumba cha futi 10 kinakupa hezi 57. Cha futi 12 kinakupa 47. Cha futi 15 kinakupa 38. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana, na kwa kimo cha kutoka sakafuni hadi darini, upate namba tatu. Hizo ndizo sauti ambazo chumba chako kinazipenda kupita kiasi. Zizidishe kwa mbili upate nyingine zinazofuata, hafifu kidogo lakini zipo.

Kwa mzee tulipima kwa tepu ya fundi. Futi 10 kwa futi 10, kwenda juu futi 9 na nusu. Namba zake: 57, 57 na 60. Hapo sikuhitaji kuuliza tena. Chumba chenye futi 12 kwa 15 na kimo cha futi 9 kingetoa 47, 38 na 63. Namba zimeachana, kila moja inavimba kidogo kwa zamu yake na sikio linavumilia. Chumba cha mraba chenye kimo kinachokaribia upana wake kinaweka mivimbo yote mitatu juu ya sauti moja. Na sisi tunajenga futi 10 kwa 10 kila mahali, kwa sababu ndicho kipimo ambacho fundi anakijua na ndicho kinachotosha kiwanja. Ukiwa bado hujamwaga msingi na unapenda muziki, ongeza futi mbili tatu upande mmoja tu. Ni ushauri wangu wa bei nafuu kuliko wote katika makala haya, na ndio unaofika kwa watu ukiwa umechelewa.

Sasa chukua gitaa la besi. Uzi wake mnene kabisa ukipigwa wazi unatoa hezi 41, unaofuata 55, kisha 73, kisha 98. Angalia 55 ilivyo jirani na 57. Mpigaji wa rumba anapita juu ya uzi huo mara kwa mara katika kila wimbo, na kila akiugusa, sebule ya futi 10 inalipuka. Akihamia kwenye 73, inanyamaza. Kwa hiyo unachosikia nyumbani si mwendo wa besi alioupiga yeye. Unasikia noti moja inayorudia rudia, kubwa, imefunika zile zilizo kabla na baada yake. Na haifi haraka. Mpigaji ameshaondoa kidole, spika imeshatulia, lakini hewa ya chumba bado inayumba, kama ndoo inavyoendelea kuyumba baada ya mbebaji kusimama. Noti inayofuata inaingia juu ya mabaki ya ile iliyopita. Wateja wangu wana maneno mazuri kwa hali hiyo: besi imejaa maji, besi ina matope, besi inavuta. Wote wanasema kitu kimoja.

Pale barazani kwangu hapakuwa na ukuta wa kuirudisha, ndiyo maana mbele yangu sabufa ilikuwa nzima. Katika nyumba ya zamani ya mzee, sauti nzito ilikuwa ikitokea juu, katika mwanya ulio kati ya ukuta na bati. Nyumba mpya haina mwanya.

Kuna jaribio moja ambalo namfanyia kila mteja, kwa sababu mtu akilisikia kwa masikio yake mwenyewe hana haja ya kuniamini mimi. Katika simu unaweza kupakua programu ya kutoa mlio wa hezi unazotaka. Niliiunganisha simu na sabufa ya mzee kwa blututhi, nikaweka 57, sauti ya wastani tu. Chumba kikajaa. Vikombe vikaanza kulia kabatini. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo ukutani, akakunja uso. Nikamwomba asimame aje katikati ya chumba. Akapiga hatua mbili, ya tatu akasimama.

"Umezima?"

"Sijazima, mzee. Rudi ukutani."

Akarudi, ikarudi. Akaenda katikati, ikapotea. Alifanya hivyo mara nne tano, mkono mmoja ameuweka kifuani mahali anapoisikia, kisha akaenda kwenye kona nyuma ya mlango na huko ikamzidi kabisa akatoka. Mkewe akaitwa kutoka jikoni aje kusikia. Wajukuu nao wakaja. Sabufa ileile, haikuongezwa wala kupunguzwa, na ndani ya hatua tatu kuna mahali inaponguruma na mahali isiposikika.

Sababu ni kwamba wimbi lililojipanda lina sehemu za kusukumana na sehemu za utulivu. Ukutani hewa imebanwa, haina pa kwenda, kwa hiyo mgandamizo unapanda na kushuka kwa nguvu zote, na sikio linasikia mgandamizo. Katikati ya chumba hewa inakwenda na kurudi lakini mgandamizo haubadiliki, na sikio halipati kitu. Kona ndiyo mahali kuta mbili na sakafu zinapokutana, kwa hiyo mivimbo yote ya chumba inakutana hapo.

Na je, sisi tunaweka wapi sabufa? Konani. Na viti? Vimegusa ukuta pande zote, katikati tumeacha meza na zulia. Tunaipiga besi mahali chumba kinapoipokea kwa nguvu kuliko pote, kisha tunakaa mahali inapovimba kuliko pote. Kila ukuta ulio karibu na sabufa unaweza kuiongezea besi hadi desibeli 6, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, na sikio huhesabu desibeli 10 kuwa takriban mara mbili ya sauti. Kuta mbili za kona basi zinakupa zaidi ya maradufu bila wewe kugusa kitufe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, ambayo haina gharama yoyote, ni kuhamisha vitu. Namna ya kutafuta mahali pa sabufa ni hii, na inashangaza kila mtu anayeifanya mara ya kwanza. Iweke sabufa juu ya kiti unachokalia wewe, palepale kichwa chako kinapokuwa. Weka wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, si mdundo mmoja unaojirudia. Kisha wewe uzunguke chumba ukiinama, sikio liwe chini kama sabufa itakavyokuwa, usikilize mahali kila noti inaposikika sawa na mwenzake. Ukipapata, hapo ndipo pa kuiweka, nawe urudi kwenye kiti chako. Inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya mahali pawili ni ileile ukienda au ukirudi. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz aliionyesha kanuni hiyo katika karne ya 19. Ukiinama na kutambaa sebuleni, wenyeji watacheka. Waache wacheke, dakika kumi zinatosha.

Kwa mzee mahali hapo palikuwa katikati ya ukuta wa mbele, chini ya televisheni. Hesabu inakubali: ukiwa katikati ya ukuta, ule mvimbo wa kushoto kwenda kulia haupati nguvu, kwa kuwa sabufa imekaa kwenye sehemu yake tulivu. Katika ile ya ukuta hadi ukuta, ukabaki wa mbele kwenda nyuma. Huo tuliushughulikia kwa kiti. Makochi hatukuyagusa, mama wa nyumba aliyapanga vizuri na wageni wanayatumia, lakini kiti cha mzee mwenyewe tulikivuta mbele mpaka sikio lake likawa futi 3 na nusu kutoka ukuta wa nyuma. Hapo mgandamizo wa hezi 57 unakuwa chini ya nusu ya ule wa ukutani. Usikivute hadi katikati kabisa, maana utaikosa besi yote na kuanza kuipandisha, na wengine wote ndani ya nyumba watateseka. Karibu theluthi moja ya chumba panafaa.

Tulipomaliza hayo mawili, mvumo ulikuwa umepungua kiasi kwamba mzee alitaka kunipa hela ya bajaji nirudi. Nikamwambia bado.

Nizungumzie trei za mayai, kwa sababu kila mtu anaziuliza. Nilipoanza kazi hii nilibandika trei ukuta mzima wa chumba changu, kuanzia sakafuni, kwa gundi ya maji. Sauti za juu zikapungua kidogo. Besi haikutikisika. Trei ni karatasi nyepesi yenye matundu. Kitu laini kinakula sauti kwa kuikwamisha hewa inayopita ndani yake, na nimesema hapo juu kwamba ukutani hewa ya besi haitembei. Inatembea zaidi umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa mluzi wa hezi 3,000, robo ni sentimita 3 hivi, ndiyo maana pazia au zulia linaukamata. Kwa hezi 57, robo ni mita moja na nusu. Hakuna zulia la unene huo. Na hapa pana mtego: ukijaza chumba mazulia, mapazia na sponji nyembamba, unaondoa sauti za juu na kuziacha nzito zikiwa zimebaki peke yake. Besi haikuongezeka, lakini sikio linaiona imeongezeka. Wapo wateja waliotumia fedha nyingi kufika hapo.

Kinachofaa ni unene, na mahali pake ni kona. Jirani yangu anauza mitumba. Dukani kwake nguo zimening'inia tangu juu hadi chini kuta tatu, na marobota yaliyofunguliwa yamerundikana kwenye kona hadi karibu na dari. Ana sabufa ndogo ya bei ya chini kabisa. Nikitaka kusikia besi iliyokauka, isiyo na mkia wa kuvuma baada ya noti, naenda kukaa kwake. Sijawahi kupata chumba kingine mjini chenye besi safi namna ile.

Huwezi kuishi dukani, lakini unaweza kuchukua kidogo cha duka. Godoro la sponji la inchi 6 lililosimamishwa likikata kona, nyuma yake pakabaki nafasi tupu, linasaidia, na ile nafasi tupu ni sehemu ya dawa kwa sababu inalisogeza godoro mbali na ukuta, mahali hewa inapotembea. Magunia yaliyojazwa nguo kuukuu bila kushindiliwa sana, yakipandishwa kona nzima, yanasaidia pia. Kochi zito lililojaa sponji, kabati la nguo lililo wazi, kitanda. Ndiyo maana chumbani mara nyingi muziki unasikika vizuri kuliko sebuleni. Kumbuka mama zetu wanavyoweka tawi la majani juu ya ndoo: ndoo haibadiliki ukubwa, mwendo wa maji ni uleule, lakini majani yanakula nguvu ya kuyumba kabla haijakua. Sitaki kudanganya mtu: godoro moja halitaua hezi 57. Litaipunguza mkia. Kwenye hezi 100 na zaidi utalisikia wazi. Na sponji inashika moto haraka, iwekwe mbali na mshumaa, kibatari na nyaya za kuunga unga.

Kufungua mlango nako ni dawa. Hewa ikipata njia ya kutokea ukumbini, ukuta wa upande ule haurudishi wimbi lote. Jaribu kwa kufungua na kufunga huku wimbo unapiga. Kwa joto letu la Kigoma watu wengi huwa wameshafungua bila kujua wamejifanyia hisani.

Jambo ambalo mzee alilalamikia zaidi ya muziki ni taarifa ya habari. "Msomaji anaongea kama yumo ndani ya pipa." Sauti ya mwanamume aliyekomaa inaanzia takriban hezi 85 hadi 180. Sasa zidisha 57 kwa mbili: 114. Ipo katikati ya koo la msomaji wa habari. Isitoshe, sabufa nyingi tunazouziwa zinaipa spika kubwa kazi hadi juu ya hezi 150, kwa hiyo nusu ya sauti ya mtu inatoka kwenye boksi lililo chini, karibu na sakafu, na nusu kutoka zile spika mbili ndogo. Kwa maneno ya watu, punguza kitufe cha besi karibu hadi mwisho, usiogope. Ukirudi kwenye muziki, kipandishe.

Na hicho kitufe kina historia yake katika masikio yetu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walipima na kuonyesha kwamba sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, linapoteza besi kwanza kabla ya sauti za katikati. Usiku watoto wamelala, unapunguza sauti, besi inapotea, unapandisha kitufe. Kesho yake mchana unapandisha sauti kubwa, kitufe umekisahau palepale, na besi inakuja na yote uliyoiongezea. Nimekikuta kitufe cha besi kimefika mwisho katika nyumba nyingi mno. Kianzie katikati, au chini ya hapo.

Simu nyingi za Android zina ekwalaiza, sehemu ya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake, yenye vijiti vitano, na cha kwanza kimeandikwa 60. Kwa chumba cha futi 10, kwa bahati tu, kijiti hicho kinaangukia palepale kwenye ugonjwa. Kishushe taratibu wimbo ukiwa unapiga, mpaka ile noti moja ilingane na wenzake. Kile kitufe cha kuongeza besi katika simu hiyohiyo kizime kabisa. Kuna kosa la upande wa pili ambalo limewahi kuniletea amplifaya zilizoungua: mtu anakaa katikati ya chumba mahali besi inapopotea, anapandisha kijiti ili airudishe. Hairudi, kwa sababu mawimbi yanaumana yenyewe pale, na kila unachoongeza kinaumana nacho pia. Amplifaya inachemka, spika inapigwa hadi mwisho wa mwendo wake, na kiti kile bado hakina besi. Shusha kinachovimba. Kinachopotea, sogeza kiti.

Kuna tundu la mviringo nyuma au ubavuni mwa sabufa. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda tupu, usikie ule mlio. Tundu lile linafanya vivyo hivyo, hewa ndani ya boksi na hewa ndani ya bomba zinacheza pamoja kwa sauti moja nzito ili boksi dogo litoe besi kubwa. Sauti hiyo ikiangukia karibu na ile ya chumba, vinashikana. Soksi safi ya pamba iliyokunjwa, ikachomekwa isibane sana wala isidumbukie ndani, inapunguza mvimbo huo. Ukishaliziba, usipige kwa sauti kubwa sana, maana koni sasa inasafiri mbali zaidi bila msaada wa tundu. Kwa mzee tuliweka soksi, akasikiliza, akasema sasa ni nyembamba mno, tukaitoa. Sikio ni lake.

Vile vikombe vilivyolia kabatini ni tatizo la pembeni, lakini wengi hulichanganya na la kwanza. Kinachotetemeka utakijua kwa kukigusa: weka kiganja juu ya kioo cha kabati, juu ya fremu ya dirisha, juu ya taa, pale kelele inapokatika umeikamata. Sabufa isikae juu ya kabati. Ikae sakafuni juu ya vipande vinne vya kandambili zilizochakaa, kimoja kila pembe.

Na jirani wa chumba cha pili katika nyumba ya kupanga hatafaidika na lolote kati ya haya. Godoro konani linatuliza besi ndani, halizuii kupita ukutani. Kwa jirani ni kupunguza sauti, na saa nne ya usiku isikukute bado unapiga.

Kabla sijaondoka tuliweka rumba ileile tuliyoisikiliza barazani. Sabufa katikati ya ukuta juu ya kandambili, kiti futi 3 na nusu, mlango wazi, godoro moja la wageni limesimama kona ya nyuma limefunikwa kanga, kijiti cha 60 kimeshushwa hatua tatu. Mzee hakusema kitu. Alianza kufuata gitaa la besi kwa kidole juu ya paja, noti baada ya noti, na pale lilipopita kwenye ule uzi wa 55 aliniangalia, kidole kikaendelea. Mkewe aliuliza jambo moja tu: wageni wakija, godoro atalitoa wapi? Tukakubaliana litoke konani, na mzee usiku huo ashushe kile kijiti hatua mbili zaidi.